Mapango ya Amboni yapigwe picha ipasavyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie picha za mapango ya Amboni zinazochapishwa kila utalii wa Tanga unapotajwa. Nyingi hupigwa kutoka ndani kuelekea nje, na matokeo yake ni ama mdomo wa pango kuungua ukawa mweupe pe, ama kuta za mawe ya chokaa kuzama gizani, hata msomaji ambaye hajawahi kufika asione cha kumvutia.

Tofauti ya mwanga kati ya jua la nje na giza la ndani ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kunasa kwa picha moja, lakini dawa yake inajulikana. Kamera hufungwa kwenye stendi ya miguu mitatu, zikapigwa picha tatu au zaidi za mahali palepale, kwa mfano kamera ikipokea mwanga kwa sekunde 1/60, kisha 1/15, kisha 1/4, ili kila picha ipokee mwanga takriban mara nne ya iliyotangulia, huku tundu la lenzi na ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, vikiachwa vilevile. Baadaye programu ya kompyuta huziunganisha, ikichukua maeneo ya nje kutoka picha yenye mwanga mdogo na kuta kutoka ile yenye mwanga mwingi. Kazi hii isifanywe jioni popo wanapotoka, wala wakati wa upepo, kwa kuwa chochote kinachosogea kati ya picha na picha huacha kivuli cha ajabu.

Wapo wanaouita utaratibu huu udanganyifu, nami sikubaliani nao. Mpigapicha Gustave Le Gray wa Ufaransa aliunganisha negativu, yaani picha ya awali ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, ya bahari na ya anga tangu miaka ya 1850, ingawa anga moja aliitumia katika picha zaidi ya moja, jambo nisilolitetea. Picha ninazozisema ni za mahali pamoja na wakati mmoja. Udanganyifu huanza rangi zinapokolezwa mpaka mwamba wa kijivu ukawa zambarau na kingo zake zikazungukwa na utando mweupe. Mgeni aliyevutwa na picha ya namna hiyo atakuwa na haki ya kulalamika akifika.

Nakuomba uwahimize wapigapicha wako watumie njia hii, watunze picha zote za awali, na maelezo chini ya picha yaseme wazi kwamba imeunganishwa.

Msomaji wako,
Tanga