Malalamiko: mlichukua pesa ya mwongozaji ambaye hakuwepo

Kwa Meneja,
Ofisi ya Nakuru.

Hamjambo huko. Mimi ni kastoma wenu, yule mliyemuuzia safari ya kuskii (kuteleza kwa theluji na mbao ndefu miguuni) huko Chamonix kule Ufaransa pamoja na binamu yangu wa Kisumu, na naandika barua ju simu hamshiki na meseji za WhatsApp mnasoma mnanyamaza. Ile moja mlijibu mliniambia "pole sana, theluji ni mpango wa Mungu". Sawa, theluji ni ya Mungu, sijawalaumu kwa theluji hata siku moja. Mimi nauliza KSh 64,000 ni za nani.

Risiti ninayo hapa. Imeandikwa "Vallée Blanche, nje ya pisti, na mwongozaji: imelipwa", na muhuri wenu uko juu yake, nilituma kwa paybill nikiwa nimesimama mbele ya yule dada wa kaunta. Sasa sijui kama hapo ofisini kuna mtu anajua alichokuwa anauza, kwa hivyo wacha niwaeleze. Pisti ni njia ambayo watu wa risoti wameitengeneza, mashine inapita usiku inalainisha, kuna rangi ya kijani, bluu, nyekundu na nyeusi kulingana na ugumu, na kukiwa na hatari wanaifunga. Nje ya pisti hakuna hayo yote. Vallée Blanche unapanda na lifti ya kebo mpaka Aiguille du Midi, mita 3,842, halafu unashuka karibu kilomita 20 juu ya barafu yenye nyufa za kumeza mtu mzima, na nyingine theluji imezifunika huzioni mpaka uko ndani. Hakuna njia imewekwa alama, hakuna watu wa doria. Mwongozaji hapo si wa kuwapiga picha.

Mimi kuskii najua kiasi, nilijifunza nikifanya kazi ya unesi Austria. Lakini binamu yangu alikuwa mgeni kabisa kwa theluji na mlijua, ju aliwaambia mwenyewe, na kijana wenu akamjibu ati ukijua kusimama utashuka, na ati mbona Sabrina Simader, yule wa kuskii, ni wetu na alienda Olimpiki. Jamani. Simader amezaliwa Kilifi lakini amekulia Austria akiskii tangu utotoni, na zile mbio zake za Pyeongchang 2018 ni kwenye pisti iliyotengenezwa ikawa ngumu, si kwenye theluji ya porini. Hiyo inahusiana aje na mtu wa Kondele, Kisumu, ambaye kufunga tu vile viatu ilikuwa jasho?

Tukafika. Theluji ilikuwa imeanguka nyingi, halafu ukaja upepo, na upepo ndio mbaya, ju unasomba theluji mpya unaenda kuibandika upande ule mwingine wa mlima, inakaa bamba zima juu ya theluji laini ambayo haijashikana, mtu mmoja akipita bamba linakatika na mteremko wote unashuka naye. Mara nyingi anayefukiwa ndiye ameliangusha, yeye ama mwenzake. Météo-France, watu wa hali ya hewa wa Ufaransa, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko kila jioni, 1 mpaka 5, 5 ndiyo mbaya kabisa, na hiyo jioni ilikuwa 4. Nilitoka kidogo tu pembeni ya pisti kule chini nikaonja, juu ilikuwa ukoko kama wa ugali, ukikanyaga unavunjika na mguu unazama mpaka gotini.

Asubuhi nikawapigia. Mkaniambia, na nakumbuka maneno yenyewe, "nyinyi endeni, mwongozaji anawangoja juu". Juu wapi? Lifti ya Aiguille du Midi ilikuwa imefungwa ju ya upepo! Huyo mtu alipanda na nini?

Tukaenda wenyewe kwa ofisi ya waongozaji hapo mjini, hao wako na chama tangu 1821. Yule mama akatafuta jina langu kwa kompyuta, akatafuta la binamu, akatafuta la kampuni yenu, akanigeuzia skrini nijionee. Hakuna bukingi. Si ati ilikanseliwa, haikuwahi kuwepo.

Halafu ule mkoba wa usalama mlitukodisha hapa Nakuru na mkalipisha kando. Pale mezani mwongozaji mmoja akaomba auone. Kile kifaa cha mawimbi, kile unavaa kifuani ndio ukifukiwa wenzako wakusikie, akakifungua nyuma na betri ilikuwa imevuja, maji ya kijani yamekula waya. Cha binamu hakikuwaka kabisa. Ile fimbo ndefu ya kutafutia mtu chini ya theluji haikuwemo, na beleshi ilikuwa ya plastiki. Huyo mzee akaikunja kidogo kwa mkono tu ikalia. Theluji ikishaporomoka inagandamana inakuwa ngumu, na mtu akiwa chini ni zile dakika 10 ama 15 za kwanza, baada ya hapo nafasi yake inashuka haraka sana. Nyinyi mlitaka nimchimbue mtoto wa shangazi yangu na hiyo.

Na bima. Nimesoma ile karatasi yenu yote, ukurasa wa mwisho kwa maandishi madogo inasema haihusu kuskii nje ya pisti bila mwongozaji mwenye leseni. Yaani mmeniuzia nje ya pisti, hamkuweka mwongozaji, na bima inanitoa kwa sababu sina mwongozaji. Mliipanga vizuri.

Kwa hivyo nataka KSh 64,000 za mwongozaji zirudi, na pesa yote ya mkoba, na ya bima pia. Ndege na hoteli sidai, hizo tulitumia. Tikiti ya lifti pia sidai, upepo si wenu. Na ile picha ya tangazo hapo mlangoni, ya jamaa yuko kwa theluji mpaka kiunoni na chini imeandikwa "hata wanaoanza", itoeni, ju nimepita juzi bado iko na kulikuwa na vijana wa chuo wanaisoma.

Nawapa siku 14 mnijibu kwa barua, si kwa emoji. Mkinyamaza naenda Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza madai mpaka milioni 1 na wakili si lazima, na sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 nimeisoma. Ile mikoba miwili niko nayo nyumbani na betri zake ndani, siirudishi mpaka pesa iingie.

Ni mimi kastoma wenu,
Section 58, Nakuru.