Mtambo uandike, hakimu asikilize

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Bara wenzetu mahakamani washaanza kutumia akili mnemba, ule mfumo unaomsikiliza shahidi ukayaandika maneno yake na kuyatafsiri Kiswahili na Kiingereza. Sisi Zanzibar tuna mahkama zetu wenyewe, sasa tunangoja nini?

Aliewahi kukaa mahkamani Chake au Wete huku Pemba kwenye kesi ya shamba anajua muda unapoishia. Mzee anaeleza mpaka, unaanzia mkarafuu ule mkubwa unashuka mpaka kwenye mwembe, hakimu kainama anaandika kwa mkono, "ngoja kwanza, hebu rudia hapo", mzee akirudia keshageuza maneno, wakili keshasimama anapinga, asubuhi yote imekwenda kwa shahidi mmoja na waliobaki wanapigwa tarehe nyengine. Alafu ushindwe utake rufaa ndo utaiona kazi, mana yale maandishi ya mkono yachapwe kwanza. Mahkama ya Rufani inakupa siku 60 za kufungua rufaa tangu uweke notisi ya kukata rufaa, lakini kanuni zenyewe zinaruhusu siku za kungojea nakala ya mwenendo wa kesi zisihesabiwe ukiiomba mapema, yani kuchelewa kwa nakala kumezoeleka mpaka kumetungiwa kanuni!

Mtambo uhukumu sitaki, nisieleweke vibaya. New York mwaka 2023 mawakili walipigwa faini dola 5,000 kwa kupeleka mahkamani kesi za uongo zilizotungwa na ChatGPT, nayo ni akili mnemba, hazikuwahi kuwepo duniani. Mie nasema iandike tu, na ipange majalada, basi.

Ila nna wasiwasi na lugha. Mtambo uliozoea Kiswahili cha redioni utamuelewa vipi bibi wa Makunduchi na lahaja yake ya Kikae, au mvuvi wa Micheweni akiwa kakasirika? Ukikosea jina la kitongoji shamba la mtu limekwenda. Kwa hivyo ufunzwe kwa sauti za watu wa hapa hapa, na shahidi asomewe alichosema kabla hajashuka kizimbani, akisema siyo karani asahihishe pale pale mbele yake. Wanaosema makarani watakosa kazi sijui wanawaza nini, kazi ya kusahihisha itakuwepo tele.

Waanze na kesi za ardhi huku Pemba, ndo zinazotugombanisha ndugu kwa ndugu, na wanunue na betri za akiba kabisa, mana umeme wetu mnaujua.

Msomaji wenu,
Chake Chake, Pemba