Msichome karatasi za nkambo

Bwana Mhariri,

Kilio kikiisha na vitu vikagawanywa, kila kimoja hupata mwenyewe: kitanda, cherehani, hata masufuria meusi. Sanduku la karatasi haligombaniwi na mtu. Hapa Lubumbashi mara nyingi huishia motoni nyuma ya nyumba. Miaka kumi baadaye wajukuu wanaanza kutafuta ukoo, wanakusanya majina na miaka ya kufa, basi. Nkambo, yaani babu au bibi, alifanya kazi gani hasa, alihama mara ngapi, jirani zake walikuwa nani? Hayo yote yalikwenda na moshi.

Kitabu cha kazi cha mtu wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, au wa reli kisomwe polepole. Namba ya kazi inakiliwe kwanza, sehemu mbili, maana jina peke yake ni ufunguo mbovu. Mtu yule yule aweza kuwa Chisanga, Tshisanga na Cisanga, kufuatana na mkono wa karani. Isitoshe, mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliondoa majina ya Kikristo. Joseph wa 1955 hamtamwona kwenye karatasi za 1975, ingawa ni yeye. Mwaka wa kuzaliwa ukitanguliwa na neno «vers», yaani «karibu na», karani alikadiria tu, kwa hiyo karatasi mbili kupishana miaka mitano si ajabu. Nalo neno «originaire» huwapoteza wengi: linataja kijiji cha asili, ambacho huenda mwenyewe hakukikanyaga maishani.

Karatasi isiyo na tarehe nayo husema. Élisabethville ni jina la Lubumbashi la kabla ya 1966, na commune (mtaa wa kiutawala) Albert ndiyo Kamalondo ya leo. Muhuri wa «État du Katanga», dola la Katanga lililojitenga na Kongo, hautoki nje ya kipindi cha Julai 1960 hadi Januari 1963. Likionekana jina la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, tumeshavuka mwaka 1967, ambapo serikali ilichukua migodi ya Union Minière. Ila ofisi huendelea kutumia fomu za zamani hadi ziishe, kwa hiyo aminini muhuri na mwandiko wa karani kuliko kichwa kilichochapwa.

Parokiani, wengi hupiga picha mstari wa ubatizo wakaenda zao. Ukingo wa ukurasa ndio mtamu! Sheria ya Kanisa ya 1917 iliagiza kipaimara na ndoa viandikwe kwenye kitabu cha ubatizo, kwa hiyo pembeni mwaweza kukuta kwamba binti aliyebatizwa hapa aliolewa Likasi au Kolwezi, na nani, siku gani. Msimamizi naye asirukwe: mara nyingi ni jirani au mwenzake baba kazini, na watoto wake huenda wangali hai. Mwende na majina ya wazazi wote wawili pamoja na mwaka wa kukisia. Katibu wa parokia hawezi kufungua vitabu ishirini kwa ajili ya «nkambo wetu Marie».

Kwa wazee, swali la «mliishi namna gani?» huzaa jibu moja tu: «tuliishi muzuri». Ulizeni kuhusu posho: iligawanywa siku gani, nani alipanga foleni, unga ulibebwa ndani ya nini, nini kiliisha kwanza kabla ya wiki kwisha. Hapo ndipo mzee anapoinuka kitini. Akisema «baba», ulizeni kama ni aliyemzaa au baba mudogo; akisema «ndugu», ulizeni kama ni wa tumbo moja. Pasipo swali hilo watu wawili hugeuka mmoja kwenye daftari lenu, na kosa hilo ni gumu kulifukua baadaye.

Kuhusu kutunza: sanduku liinuliwe juu ya matofali, mchwa hawana huruma. Pini zenye kutu zitolewe, gundi ya skochi isiguse karatasi, na msipeleke kitu cha zamani kufunikwa plastiki kwa moto, kwani hakitoki tena. Piga picha kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, mbele na nyuma, maana nyuma ya picha ndiko kwenye muhuri wa studio na majina. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu isivutwe. Ipigwe ikiwa humo humo.

Msomaji,
Kamalondo, Lubumbashi