Kabla hamjampigia daktari kwa video

Lushoto

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako kuhusu Baba na mtetemeko wake nimeusoma, na Mama nimemsomea. Alicheka uliposema kaka yako anaona daktari wa kwenye simu ni mchezo wa watu wa mjini. Mwambie kuna bibi huku milimani, ndiye huyu Mama yangu, mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukaza viungo, anayeonana na daktari wake wa Dar akiwa amekaa barazani kwake.

Lakini kaka hajakosea yote. Mara ya kwanza Baba aende hospitali, aonane na daktari ana kwa ana. Daktari huutambua ugonjwa huu hasa kwa kumsikiliza mgonjwa, kumtazama na kumshika. Daktari huhisi kule kukaza kwa viungo anapoukunja na kuunyoosha mkono wa mgonjwa, na simu haiwezi kumfikishia hilo. Halafu si kila mtetemeko ni Parkinson. Kuna wa kurithi, kuna unaoletwa na dawa. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, wakachapisha matokeo yao mwaka 2008, waliwakuta wagonjwa ambao wengi hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Huku kwetu nako watu husema ni uzee, basi. Kwa hiyo nauli ya kwenda kupimwa msiionee uchungu.

Faida ya simu huanzia hapo. Mtu akishatumia levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, kwa miaka, nguvu ya dozi huweza kuisha kabla saa ya dozi nyingine haijafika. Kliniki anaweza kuingia dawa ikiwa imemkolea, akatembea vizuri, faili likaandikwa anaendelea vyema. Alasiri yuko nyumbani miguu imeganda mlangoni. Sisi tulimwomba daktari apige saa ile mbaya ya Mama. Akamwona alivyo. Akauona na mkeka uliojikunja karibu na kizingiti, akaagiza uondolewe kabla hata hajagusia vidonge. Dawa akaipanga upya, kidogo kidogo lakini mara nyingi zaidi kwa siku.

Simu iweke juu ya meza, uiegemeze kwenye chupa ya chai, mbali kiasi cha kumwona Baba kuanzia utosini hadi unyayoni. Mwanga umpige usoni, usitokee nyuma yake. Ataambiwa agonge kidole gumba kwa cha shahada haraka haraka, anyanyuke kitini bila kujishikiza, atembee, ageuke. Mmoja wenu asimame karibu, maana kwenye kugeuka ndipo wanapoanguka. Azimeni mashine ya presha mumpime amelala, kisha amesimama. Ugonjwa wenyewe na dawa zake huweza kuishusha ghafla. Muwe na daftari pia: saa ya dawa, saa ya chakula, saa alipoganda. Mtaulizwa hata samaki, kwa sababu protini hugombania njia na levodopa tumboni. Hakuna atakayemkataza mzee wa Kilwa kula samaki, dawa itatangulia tu kabla ya chakula.

Bando likikata, mrekodini akitembea, mtume video mtandao ukitulia.

Kaka yako anapenda ushahidi, basi mpe huu. Ray Dorsey na wenzake Marekani walilijaribu jambo hili kwa wagonjwa 195 wa Parkinson, wakatoa matokeo 2017. Waliohudumiwa kwa video maisha yao hayakuwa bora wala mabaya kuliko ya wenzao waliobaki na huduma ya kawaida tu, ila kila miadi iliwaokolea kama dakika 88 na maili 38. Maili hizo kwangu ni kushuka Mombo na kurudi. Kwenu, kutoka Kilwa hadi Dar, hesabu mwenyewe.

Jingine, msijipange wote nyuma ya simu. Mambo ya choo, usingizi na maruweruwe Baba hatayasema mbele ya wakwe zake. Mama alitufukuza sote barazani akabaki na daktari wake. Walichoongea hatukuambiwa, ila tuliletewa orodha yenye dawa ya kulainisha choo.

Na Baba akishaanza dawa, miadi ikiahirishwa, vidonge viendelee. Levodopa haikatwi ghafla, hata siku ambayo duka la dawa halina. Ulizieni mapema kabla chupa haijaisha.

Niambie lini mnapanda basi. Mdogo wangu anakaa Mbagala, atawapokea, na Baba atapumzika kwake kabla ya kwenda hospitali.

Wako,
Zainabu