Sikuuvamia mji, mji ndio ulionifuata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya neno moja lililoandikwa kwenye fomu ya kuthamini kaya yangu kwa ajili ya fidia. Neno lenyewe ni "mvamizi".

Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, nilikuwa na miaka minane. Ilitoka amri ya kuhamia vijijini, baba akatufungasha, kaya ya babu tukaiacha ikawa mahame. Tukaja hapa, njia ya kwenda Singida, na uongozi wa kijiji ukatupimia eneo kwa hatua za miguu, kutoka mbuyu hadi korongo. Kiangazi kilichofuata baba na wajomba walichimbia nguzo za tembe. Mama alikandika kuta, mimi nikimletea maji kwa kibuyu. Vyumba vitano vikauzunguka ua walipolala ng'ombe, na juu dari bapa ya miti, nyasi na udongo. Hadi leo naanika mlenda na karanga juu ya dari hiyo. Baba na mama wamelala upande wa mashariki wa ua.

Mthamini aliyekuja mwaka jana aliandika: "jengo la udongo, la muda". Nilimuuliza, muda gani huo, maana tembe hii imewazidi umri wanangu wote. Hakunijibu, akaenda kuhesabu miembe.

Mji tuliuona ukija. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mpaka ukasogea, kijiji chetu kikaitwa mtaa, na sisi hatukuondoka hata hatua moja. Vijana wa upimaji wakapanda bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, moja ikaangukia katikati ya ghala la uwele na makaburi. Nilipoulizwa hati nikasema hati yangu ni kijiji kizima kinachonijua. Hapo ndipo neno lile likaandikwa.

Mhariri, mimi si mwanasheria, ila niliketi miaka kadhaa katika Baraza la Ardhi la Kijiji, mmoja wa wale wanawake watatu ambao sheria inataka wawemo kati ya wajumbe saba. Tuligawiwa nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 na niliisoma mpaka ikachakaa. Kifungu cha 15 kinatambua mgawo wa ardhi uliofanyika kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Mgawo wa baba umo humo. Kifungu cha 18 kinasema haki miliki ya kimila, yaani haki ya kumiliki ardhi kwa desturi, ina hadhi sawa na haki miliki inayotolewa na serikali. Na kabla ya sheria hiyo, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua katika shauri la Lohay Akonaay kwamba ardhi ambayo mtu anaimiliki kimila ni mali, nayo inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Ibara hiyo inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Bunge lilikuwa limetunga sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za namna hiyo bila fidia, na Katiba ndiyo iliyowaokoa wenye shauri hilo.

Kwa hiyo naomba ulinzi huu wa ardhi ya kimila uandikwe kwenye Katiba kwa maneno yake yenyewe. Leo Ibara ya 24 inasema "mali" tu, ardhi ya kimila haitajwi, hadi mtu apate uwezo wa kwenda mahakamani ikafafanuliwe. Mjane anayelima uwele ataupata wapi uwezo huo? Hadhi ile ya kifungu cha 18 imo katika sheria ya kawaida, ambayo wabunge walio wengi siku hiyo wanaweza kuibadili. Katiba inahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014, iliyojadiliwa hapa hapa Dodoma, iliweka sura ya ardhi, lakini kura ya maoni ya Aprili 30, 2015 ikaahirishwa na wengi wameshaisahau. Mchakato ukirudi, na iandikwe kwamba kusogea kwa mpaka wa mji hakufuti haki ya aliyekutwa pale, na kwamba nyumba ya asili ni nyumba.

Hili la nyumba linaniuma zaidi. Jengo huthaminiwa kwa gharama ya kulijenga upya, kisha uchakavu unakatwa. Udongo, fito na nguzo za porini havina risiti, basi jasho la mama linaandikwa karibu na sifuri. Kanuni za mwaka 2001 zinataja posho ya usumbufu, posho ya makazi ya miezi 36 na usafiri wa mizigo tani 12 kwa kilomita 20. Mimi sina tani 12. Nina ghala, mawe ya kusagia, ng'ombe wanne na makaburi mawili.

Siupingi mji. Wajukuu zangu wanasoma kwa sababu ya shule zake, na barabara imetufaa sote. Nataka kuingia ndani yake kama mwenye mali.

Fomu wameniachia nisaini. Iko juu ya kabati, bado haina saini yangu.

Mkulima wa karanga na uwele,
Dodoma
(Jina na anwani yangu unavyo, Mhariri)