Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa Katiba yetu, ninao wajibu wa kuwasilisha mbele yenu taarifa ya shughuli za Chama kwa mwaka huu wa masomo. Kwanza nawaomba radhi wale 29 mliofika wiki mbili zilizopita mkarudi bila mkutano kwa sababu akidi haikutimia. Lawama si zenu. Ni za wale ambao hata leo siwaoni.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo sitazirefusha. Tulifanya mafunzo ya kila Jumatano kuhusu kanuni za majadiliano na uandishi wa rasimu za maazimio, tulitembelea shule 3 za sekondari, tuliadhimisha Siku ya Umoja wa Mataifa tarehe 24 Oktoba, na tuliandaa mkutano wetu wa mfano wa Umoja wa Mataifa, ambamo wanafunzi hujadili wakishika nafasi za wajumbe wa nchi, kwa siku 3, wenye kamati 4 na wajumbe 118 kutoka vyuo 9, wakiwamo 21 waliotoka Kenya, Uganda na Burundi. Mapato yalikuwa shilingi 6,840,000 na matumizi shilingi 6,615,000; mchanganuo atautoa Mweka Hazina. Nitaje tu kwamba ukumbi tuliupata bure baada ya mimi mwenyewe kwenda kuuombea mara 5, na nauli hiyo sikuidai.

Sasa niingie katika jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, yaani uamuzi wa kuendesha kamati moja kati ya zile 4 kwa Kiswahili. Katika kundi letu la WhatsApp imeandikwa kwamba Mwenyekiti aliamua peke yake. Si kweli. Tuliamua watu 4 kati ya wajumbe 9 wa Kamati Tendaji, kwa sababu wenzetu 5 hawakujibu ujumbe kwa siku 6 mfululizo, huku barua za mwaliko zikisubiri kutumwa. Nakubali kwamba 4 si nusu ya 9 na kwamba Katiba inataka zaidi ya nusu. Hata hivyo, nadhani mtu aliyeuona ujumbe, akanyamaza, kisha akaibuka baada ya barua kutoka na kusema hakushirikishwa, naye ana la kujibu.

Ilisemwa pia kwamba Kiswahili hakimo katika lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa. Hilo ni sahihi: zipo Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Ndiyo maana hatukukipeleka katika Baraza la Usalama wala Baraza Kuu. Tulikipeleka katika Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika, na Umoja huo ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi katika kikao cha wakuu wa nchi mjini Addis Ababa mwezi Februari 2022, miaka mingi baada ya Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji kuwahutubia wakuu wenzake kwa Kiswahili mwaka 2004. Sikubuni kitu. Kama ni kosa, basi wakuu wa nchi walilitangulia.

Kuhusu madai kwamba tuliwafukuza wageni, ukweli ni kwamba wajumbe 3 kutoka Uganda waliomba kuhamishiwa kamati nyingine, tukawahamisha siku hiyohiyo. Pia mfadhili mmoja alipunguza mchango wake, ingawa hakutaja lugha kuwa sababu. Lakini wapo pia wajumbe 4 wa Burundi, waliosomea kwa Kifaransa, ambao mwaka juzi walikaa siku 3 wakiinua vibao vyao vya nchi wakati wa kuitikia mahudhurio tu. Safari hii, tulipojadili mashariki ya Kongo na hali iliyofuata baada ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari 2025, mmoja wao aliisimamisha kamati nzima kwa dakika 40 juu ya neno moja. Rasimu ilitaka pande zote "kusitisha mapigano". Yeye akataka iandikwe "kukomesha". Alisema, "Mwenye kusitisha anapumzika ili arudi." Mwenzake akamjibu kwamba hakuna jeshi litakalokubali kukomesha kabla halijakubali kusitisha, na kwamba azimio lisilotekelezeka ni karatasi tu. Mwishowe yaliandikwa yote mawili, moja likitangulia jingine, katika ibara mbili tofauti za utekelezaji. Nimeongoza kamati za Kiingereza kwa miaka 2, na huko neno hilo hunakiliwa kutoka rasimu za zamani bila mtu kuliuliza maana yake.

Katika kamati hiyohiyo, niliyoiongoza mimi, lilinitokea jambo ambalo limesambazwa nusunusu, kwa hiyo nilieleze lote. Rasimu ilipopigiwa kura ilipata kura 11 za kuunga mkono na 4 za kupinga. Mmoja wa waliopinga alitamka kwa sauti kwamba anatumia kura ya turufu, yaani kura moja inayotosha kuangusha azimio, nami, kwa mazoea ya kuongoza kamati ya Baraza la Usalama, ambako turufu ipo, nikagonga nyundo na kutangaza kwamba rasimu imeanguka. Mjumbe wa mwaka wa kwanza, akiwa anahudhuria mkutano wa aina hii kwa mara ya kwanza, akainua kibao: "Utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti." Akasoma kanuni kwamba katika Baraza hili hakuna mwenye turufu, na kwamba mwafaka ukishindikana, theluthi mbili ya wanaopiga kura inatosha. Ukumbi ulicheka. Miaka 2 iliyopita ningeutetea uamuzi wangu mpaka jioni. Mimi ndiye yule ambaye katika hotuba yake ya kwanza alilaza karatasi mezani ili isionekane inavyotetemeka, na hofu hiyo baadaye ikageuka ukali. Safari hii nilikunywa maji, nikamshukuru, nikaufuta uamuzi na kutangaza kwamba azimio limepita. Naomba pia ieleweke kwamba kanuni alizosoma nilizitafsiri na kuzichapa mimi.

Kuhusu ada, daftari lina wanachama 142. Waliolipa shilingi 10,000 ya mwaka ni 47, na 95 hawajalipa, yaani shilingi 950,000 zimebaki mifukoni mwao. Mahudhurio ya Jumatano yalianza na watu zaidi ya 60 mwezi Novemba, na kufikia Mei tulikuwa 11, nikiwamo mimi na mwenye ufunguo wa chumba. Nilipekua majina ya waliopinga kamati ya Kiswahili kwa maandishi. Kati ya 14, waliolipa ada ni 3. Sitawataja. Siku ya kufunga mkutano wote walikuwapo kwenye foleni ya pilau na kwenye picha ya pamoja, mstari wa mbele.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuimarisha mafunzo, kuwatafuta wafadhili wapya na, Mungu akijalia, kuwapeleka baadhi ya wanachama Gigiri, Nairobi, wakaione ofisi ya Umoja wa Mataifa kwa macho yao. Kamati ya Kiswahili ningependa iendelee, na uamuzi wa kuianzisha naomba uthibitishwe au ukataliwe leo chini ya ajenda namba 6. Kwa mujibu wa Katiba, watakaopiga kura ni wanachama waliolipa ada.

Naomba kuwasilisha.