Maelezo Yasipunjwe

Mhariri,

Binti yangu wa kidato cha tatu alirudi nyumbani na kitenzi cha Kiingereza nilichokuwa sijakisikia: underdescribe. Ni kueleza kitu pungufu ya kinavyostahili. Msemaji hajadanganya, ila mengi ameyabakisha. Akaniuliza kwa Kiswahili tukiite nini.

Nilikuwa napima omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. "Haielezeki" haifai, maana hilo ni jambo linaloshinda maneno. Hapa maneno yapo, mtu hakuyatoa. Nikamwonyesha gorogoro moja kuukuu, mkebe wa kupimia, lililogongwa kitako likabonyea ndani. Mkebe ni uleule, omena imejaa hadi mdomoni, lakini mnunuzi amepunjwa. Basi mwanangu, nikamwambia, huko ni kupunja maelezo.

Nawaomba waandishi wetu walitazame hili. Juzi nilisoma mahali kwamba gugumaji "limeonekana ziwani". Limeonekana tu? Lilifunga ufuo mzima, mashua zikakwama tangu alfajiri hadi saa saba mchana, vijana wakilikata kwa panga huku samaki wakiharibika ndani ya mashua. Aliyesoma habari hiyo akiwa Nakuru atajuaje?

Mama muuza omena,
Dunga, Kisumu